Ketamini, tangu Michigan hadi hospitali ya wilaya

Dawa ya usingizi ninayoiheshimu kuliko zote ni ketamini, iliyotengenezwa na Calvin Stevens nchini Marekani mwaka 1962 na kuchomwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1964, nao walikuwa wafungwa wa Michigan waliojitolea (kama mfungwa anaweza kujitolea kwa hiari kamili, hilo ni swali jingine). Kwa kawaida haimkatizi mgonjwa pumzi wala haimshushi shinikizo la damu, na ndiyo maana hospitali ya wilaya isiyo na uhakika wa umeme wala oksijeni huitegemea. Macho huweza kubaki wazi yakichezacheza, mate huongezeka, na wakati wa kuzinduka mgonjwa huweza kuweweseka, hivyo muuguzi hupunguza mwanga na kelele.

Baadhi ya wataalamu walitumaini kwamba dozi ndogo ingewakinga wazee wasichanganyikiwe baada ya upasuaji. Utafiti ulioitwa PODCAST (kifupi cha jina lake la Kiingereza), uliochapishwa mwaka 2017 na kuhusisha wagonjwa 672 waliovuka miaka 60, haukuona kinga hiyo. Ulichoona ni ongezeko la maruweruwe na ndoto za kutisha. Kwa lengo hilo pekee, sioni sababu ya kumpa mzee ketamini.