Sentensi Isiyo na Muuaji

Masomo ya wiki: 2 Samweli 11:14 hadi 12:13, Zaburi 51

Wapendwa katika Bwana, kabla nabii Nathani hajafika mbele ya mfalme, Daudi alikuwa ameshaipatia dhambi yake lugha ya kuishi nayo. Mjumbe wa Yoabu alipomletea habari kwamba Uria Mhiti, askari ambaye Daudi alikuwa amezini na mkewe, ameuawa vitani, mfalme alimrudisha na maneno ya kumtuliza jemadari wake: jambo hilo asilione kuwa baya, kwa maana upanga humla huyu na humla yule. Sentensi hiyo haina muuaji ndani yake. Aliyekula ni upanga, na yule aliyeandika barua ya kuagiza Uria awekwe mahali penye vita vikali, kisha aachwe peke yake, haonekani popote. Mtu huyu alijua kazi ya maneno kuliko wengi wetu, na ustadi ule ule aliomwimbia nao Mungu aliutumia hapa kufunika maiti.

Sisi wa Nairobi hatuna haki ya kumshangaa. Matatu inapunguza mwendo penye kizuizi, kondakta anaruka chini kabla haijasimama sawasawa, noti iliyokunjwa hadi ikawa ndogo kama kidonge inahama kiganja katika salamu ya haraka, naye anarudi mlangoni na kugonga bodi ili dereva aondoe gari, huku redio ikiendelea na nyimbo za injili na abiria wakiendelea na simu zao. Sheria iliyopitishwa mwaka 2016 inaliita tendo hilo hongo na kuliwekea adhabu ya kifungo. Sisi tunaliita chai, au kitu kidogo, na ni nani atakayeanzisha mjadala wa maadili juu ya chai? Isaya alipolia, "Ole wao wasemao kwamba uovu ni wema, na kwamba wema ni uovu," aliwashika watu kwenye kusema kwao, kwa kuwa tendo likishabatizwa jina la upole halifiki tena mezani kujadiliwa.

Ndiyo maana njia ya Nathani inastahili kutazamwa polepole. Angeweza kuingia na amri mkononi, usiue na usizini, ambazo Daudi alizijua vizuri na ambazo bila shaka angekuwa na majibu yake. Badala yake alisimulia habari za maskini mwenye mwana-kondoo jike mmoja tu, aliyekula tonge lake, akanywea kikombe chake na kulala kifuani pake, na za tajiri aliyemnyang'anya ili amwandalie mgeni. Tukumbuke aliyekuwa akisimuliwa ni nani. Kabla ya kiti cha enzi alikuwa kijana wa kuchunga kondoo Bethlehemu, na Nathani aliiacha lugha ya baraza na ya vita, ambayo ndani yake mfalme alikuwa na maficho mengi, akasema naye lugha ya malisho, ambayo hakuwa na maficho. Daudi akawaka hasira na kuagiza mwana-kondoo alipwe mara nne. Alipewa nafasi ya kuhukumu kwa haki kabla hajaanza kujitetea, na hapo tu ndipo aliposikia, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Jibu lake lilikuwa fupi, kwamba amemfanyia Bwana dhambi. Lakini Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake kinaihusisha na ujio wa Nathani, imeandikwa kwa mwimbishaji, maana yake toba ya mfalme ilikabidhiwa waimbaji iimbwe mbele ya watu. Humo anaomba aponywe na damu za watu, na anaitaja damu kwa jina lake.

Watawala wa nchi yetu pia wamejua jinsi lugha inavyoamua nani ataingia katika mjadala. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha riwaya kwa Kiingereza iliyowashutumu waliojitwalia matunda ya uhuru, na serikali haikumgusa. Mwaka huo huo, yeye na Ngũgĩ wa Mirii walitunga mchezo wa kuigiza kwa Kikuyu, ukachezwa na wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kwenye jukwaa walilolijenga wenyewe. Kibali chake kilifutwa baada ya wiki chache, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ alikamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kufunguliwa mashtaka. (Alilikosoa kanisa vikali, na si haki kumvika joho la nabii asilolitaka.) Shutuma zilifanana sana, kilichobadilika ni kwamba kibarua alijisikia mwenyewe akisimuliwa, na mwenye shamba alijua kwamba kibarua amesikia.

Kanisa letu, kwa maoni yangu, limelegea hapo hapo. Baada ya tarehe 25 Juni 2024, vijana walipopigwa risasi karibu na Bunge wakiupinga Mswada wa Fedha, tulishindana juu ya kuwaita wahuni au mashujaa, kisha tukaomba kwa ajili ya wale waliopoteza maisha, kana kwamba waliyaangusha njiani wakienda mjini. Hata mtu aliyechukizwa na maandamano, au aliyepoteza duka lake siku hiyo, angeweza kuomba kwa maneno ya kweli: watu wamepigwa risasi, na aliyefyatua yupo. Tulichagua lugha ambayo haikumlazimu yeyote kujibu.

Katika vikundi vya wiki hii, tusome sura hizo mbili za Samweli pamoja na zaburi, kwa sauti. Nayo kamati ya ibada inapopanga Jumapili ya vijana, ningeiomba iwaache waandike igizo lao wenyewe, kwa Sheng ikibidi, bila kulipitisha kwanza kwa wazee ili lilainishwe. Wazee wakae viti vya mbele na kulisikiliza hadi mwisho, kabla mmoja wetu hajaomba kipaza sauti.