Auto Pact ya 1965 haikuwa soko huria jamani

Tangu nihamie Windsor, mji wa Canada unaotazamana na Detroit ya Marekani, nyumbani wakipiga simu swali ni baridi tu, baridi tu. Mimi kilichonishangaza wiki ya kwanza ni malori. Yamejipanga kuingia Daraja la Ambassador utadhani foleni ya Tunduma, yamebeba injini, siti, bampa, yanavuka mto kwenda Detroit na mengine yanarudi na mizigo hiyohiyo. (Halafu ukitoka Detroit mjini kuja Canada unashuka kusini, sio kupanda kaskazini, angalia ramani kama unabisha.)

Sasa Trump alipopiga ushuru wa 25% kwenye magari 2025, kazini kila mtu akawa mchumi, na wimbo ulikuwa mmoja, eti tangu Auto Pact ya 1965, ule mkataba wa Canada na Marekani wa kuondoleana ushuru wa magari na spea, hapa kulikuwa na soko huria na sasa limeharibiwa. Nikaanza kusoma usiku, nikakuta mambo siyo hayo kabisa.

Ford walivuka huu mto 1904, wakafungua kiwanda Walkerville, ambayo leo ni mtaa tu wa Windsor. Walifuata vitu viwili: kukwepa ushuru wa Canada, na kupata njia ya kuuza kwenye himaya ya Muingereza, maana Ford ya Canada ndo ilipewa makoloni yote, ukitoa Uingereza yenyewe na Ireland. Shida ni kwamba miaka ya 60 Canada ilikuwa na watu kama milioni 19, ushuru wa gari la nje 17.5%, kwa hiyo kila kampuni ya Marekani ilikuwa na kiwanda kidogo upande huu kinachotengeneza kila kitu kidogokidogo, leo modeli hii, kesho ile, mashine zinabadilishwa kila saa, gharama juu. Kulikuwa mpaka na magari ya Canada tu, kama pikapu ya Mercury ambayo ni Ford tupu imebadilishwa jina.

1963 serikali ya Canada ikaja na ujanja, ukiuza magari na spea nyingi zaidi nje unarudishiwa ushuru wa vile ulivyoingiza. Kampuni ya rejeta ya Racine, Wisconsin, inaitwa Modine, ikasema hiyo ni ruzuku ya mlango wa nyuma, 1964 ikapeleka malalamiko Hazina, yaani wizara ya fedha ya Marekani, kule Washington. Hazina ikikubali lazima ipige ushuru wa kufidia, Canada nayo ingejibu, yaani majirani wagombane kwa sababu ya rejeta! Ndo wakakaa mezani, na tarehe 16 Januari 1965 rais wa Marekani Lyndon Johnson na waziri mkuu wa Canada Lester Pearson wakasaini Auto Pact kwenye shamba la Johnson huko Texas, ziara ambayo Johnson alimwita mgeni wake Wilson, jina la waziri mkuu wa Uingereza.

Lakini soma masharti. Upande wa Canada msamaha wa ushuru ulikuwa wa watengenezaji peke yao. Na kuupata, kampuni ilitakiwa uwiano wa magari inayotengeneza Canada na inayouza Canada usishuke chini ya ule wa 1964. Juu ya hapo kuna barua, hizi ndo zilinifurahisha, haziko ndani ya mkataba wenyewe, kampuni ziliiandikia serikali kuahidi kwamba mauzo ya magari madogo yakikua, thamani ya kazi inayofanyika Canada itaongezeka kwa 60% ya huo ukuaji, plasi dola milioni 260 za ziada kwa pamoja kufikia 1968. Hilo ni soko huria la wapi? Hayo ni mapatano ya mtu aliyejua mwenzake ni mkubwa mara kumi.

Na yalifanya kazi. 1964 magari yaliyotoka viwanda vya Canada kwenda Marekani yalikuwa 7% tu, 1968 ni 60%. Kiwanda kikachukua modeli moja mbili kikatengenezea nchi zote mbili, ndo mwanzo wa haya malori ninayoyaona.

Makubaliano ya biashara huria ya Canada na Marekani ya 1989 yakafunga orodha ya wanaofaidi Auto Pact, Honda na Toyota walikuwa na viwanda huku jimbo la Ontario lakini wakabaki nje ya mlango. Japani na Umoja wa Ulaya wakaenda WTO, shirika la biashara la dunia, wakashinda, 2001 Auto Pact ikafutwa. NAFTA, mkataba wa biashara wa Marekani, Canada na Mexico, ilikuwa inadai 62.5% ya gari itoke Amerika Kaskazini, mkataba ulioirithi 2020 ukapandisha mpaka 75%. Canada ilitengeneza magari kama milioni 3 mwaka 1999, leo haifiki nusu ya hapo. Sisemi ni kwa ajili ya Auto Pact peke yake, Mexico ipo.

Jirani yangu mzee mmoja alifanya kazi kiwandani ya kufunga milango kwenye magari miaka 31. Nilipomwambia ninachosoma akacheka, akasema zamani walikuwa wanavuka Jumamosi kwenda Detroit kuangalia madukani, anakuta gari lilelile la kiwandani kwake, bei ni nafuu kuliko Windsor. Nikamuuliza mbona hukulinunua? Akasema ningelilipia ushuru pale getini, mwanangu, ule msamaha haukuwa wangu.