Mguu wa Herufi Unaosubiri Harusi

Karakana ninayofanyia kazi hapa Toronto huchapa kazi za wachoraji kwa wino usiopauka upesi, juu ya karatasi nzito ya pamba. Katika yote yanayopita mikononi mwangu, naipenda zaidi ketuba, mkataba wa ndoa wa Kiyahudi. Juma hili nimechapa moja yenye mkomamanga wa samawati na dhahabu, matawi yameyakumbatia maandishi pande zote, na kila nikipita mezani nasimama kuitazama.

Ketuba ni hati ya sheria kabla ya kuwa pambo. Maneno yake ya jadi ni ya Kiaramu. Yanataja wajibu wa mume: chakula, mavazi, haki ya unyumba, na fedha atakazopata mke akiachwa au akifiwa, yaani zuzi (sarafu za kale) 200 kwa bibi arusi aliye bikira na 100 kwa mjane. Mashahidi wawili wasio jamaa wa maharusi hutia saini, na ketuba husomwa kwa sauti chini ya kitambaa kinachotandazwa juu ya maharusi.

Wapo wanaosema iliyochapwa ni nakala tu, ya kweli ni ile ya mkono. Nazistahi mno za mkono. Zile za Venice na Ancona, huko Italia, za karne ya 17 na 18, juu ya ngozi, zina malango, alama za buruji na maandishi madogo yaliyopindwa yakawa mapambo. Za Isfahan, Uajemi, zina simba wawili na jua mgongoni. Lakini Amsterdam, katika karne hiyohiyo ya 17, Wayahudi wa Kireno walikuwa na pambo lililochongwa kwenye bamba la shaba, linalohusishwa na Shalom Italia, mchongaji wa asili ya Mantua. Pambo lilichapwa, katikati pakaachwa wazi, mwandishi akajaza maneno kwa mkono. Familia za huko zilioana kwa karatasi hizo vizazi na vizazi. Kwa hiyo mashine yangu si mgeni katika harusi hizi.

Tena hata leo mashine haimalizi kazi. Karibu na mwisho wa maandishi, mashahidi wanathibitisha kwamba mume amejifunga. Marabi wengine hutaka neno la uthibitisho huo lisitimie kabla ya wakati wake, basi herufi yake ya Kiebrania iitwayo kufu huchapwa bila mguu. Siku ya harusi bwana arusi anashika kitambaa cha mkono mbele ya mashahidi, kuonyesha amekubali, ndipo mguu unachorwa kwa kalamu. Asiyejua huona herufi imekatika na kutaka kuirekebisha, ndiyo maana kila faili ya namna hiyo naibandika onyo: usiguse! Sijaona katika uchapaji kitu kizuri kuliko kasoro hii iliyokusudiwa.

Mnaoagiza, majina yachukueni kwa rabi, yalivyo kwa Kiebrania, pamoja na ya wazazi. Mwulizeni pia ni maandishi gani atakayoyakubali, maana siku hizi yako ya Kiorthodoksi, yaani ya Wayahudi wanaoshika mapokeo, na yako ambayo wote wawili wanaahidiana. Halafu saa ya harusi. Siku ya Kiyahudi huanza jua likitua, hivyo harusi ya Jumapili usiku huandikwa tarehe ya Jumatatu. Sisi wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Alhamisi magharibi ikiingia, ni usiku wa Ijumaa.

Kalamu ya saini iwe ya wino usiochuja, mkaijaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi ileile. Fundi fremu aweke kadi isiyo na asidi ili kioo kisigusane na wino. Na msiitundike mkabala wa dirisha la jua.