Damu nzito na mishipa ya moyo

Wanywaji wa malwa, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija kule Teso, mashariki mwa Uganda, wanalijua hili bila kufundishwa: kitu kizito hupita kwa shida. Pombe ikizidi uzito chunguni, mrija huwa mgumu kuvuta. Ikitiwa maji ya moto, inapita tena. Jean Poiseuille, Mfaransa wa karne ya 19, alipima jambo hilohilo kwenye mirija myembamba ya kioo: upana wa mrija, urefu wake, nguvu inayosukuma, na uzito wa kinachopita, yaani ugumu wake wa kutiririka, si kilo zake.

Upana ndio wenye nguvu kuliko vyote. Mshipa wa milimita 4 ukibaki na 2, mtiririko hushuka hadi sehemu moja ya 16, mengine yasipobadilika. Uzito hauna ukali huo: ukiongezeka maradufu, mtiririko hupungua nusu. Moyo mzima hulifidia hilo kwa kutanua vijishipa vyake vidogo. Lakini moyo ambao mshipa wake mkubwa umebanwa na mafuta tayari umeitumia akiba hiyo, na mwenye moyo huo ndiye mgonjwa ninayemhofia damu inapozidi uzito. Tena, hata umepumzika, msuli wa moyo hunyonya takriban asilimia 70 ya oksijeni ya damu inayoupitia. Ukihitaji zaidi, lazima uletewe damu zaidi.

Uzito huletwa hasa na chembe nyekundu. Sehemu yake katika damu, yaani hematokriti, kwa mwanamume huwa kama asilimia 40 hadi 50, kwa mwanamke chini kidogo. Ikifika 60, uzito hukaribia maradufu ya ule wa 45. Kuharisha, kushinda juani bila maji, sigara na ugonjwa sugu wa mapafu vyote huipandisha. Damu ikipungua mno nayo hupita kwa wepesi, ila inabeba oksijeni kidogo. Wepesi peke yake si afya.

Kipimo cha hematokriti ni rahisi, na huharibika kirahisi. Mrija mwembamba wenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hujazwa robo tatu, huzibwa upande mmoja, huzungushwa kwenye mashine kwa dakika 5, kisha husomwa bila kuhesabu utando mweupe ulio juu ya chembe nyekundu. Mpira wa kufungia mkono ukikaa zaidi ya dakika moja kabla ya kutoa damu, maji hutoka mshipani na jibu hupanda bure.

Kwa wenye selimundu, ambao Uganda tunao wengi, hematokriti haisemi yote. Chembe zao ni ngumu, hazijipindi kupita kwenye vijishipa, hivyo damu yao huwa nzito kuliko ya mtu mwingine mwenye hematokriti ileile. Ndiyo maana wanapoongezewa damu ya kawaida, himoglobini, yaani kibeba oksijeni cha chembe nyekundu, kwa kawaida haipandishwi kupita gramu 10 kwa desilita.

Aspirini na wafarini watu huziita dawa za kulainisha damu. Jina hilo linapotosha. Zinazuia damu kuganda, haziifanyi iwe nyepesi, na aliyeandikiwa asiziache kwa kudhani kunywa maji kutafanya kazi ya dawa hizo. Mwenye hematokriti ya 58 akimeza aspirini, bado ana 58. Uboho ukiwa ndio unaotengeneza chembe kupita kiasi, daktari huagiza atolewe damu, mara nyingi mililita 450 hivi kwa safari, mpaka ishuke chini ya 45.