Siku moja mezani na Pioneer SX-650 iliyokufa chaneli ya kushoto

Saa 2 asubuhi

Mashine ya leo ni Pioneer SX-650, risiva (redio na ampilifaya ndani ya kasha moja) ya Kijapani ya miaka ya 1970, wati 35 kila upande. Mwenyewe anasema kushoto kimya. Kabla ya kushika bisibisi nasoma kibandiko cha nyuma: volti 120, toleo la soko la Marekani. Ukiichomeka hivi hivi kwenye umeme wetu wa volti 230 hapa Dar, unaua transfoma. Kwa hiyo inapita kwenye transfoma ya kushusha umeme, na mbele yake nafunga balbu ya waya ya wati 100 kwa mfululizo. Balbu ikiwaka ghafla kisha ikafifia, hakuna shoti, naitoa na kuendelea. Ikibaki na mwanga mkali, zima mara moja. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii.

Saa 2:30

Nabadilishana waya za spika nyuma ya risiva. Kimya kikihamia spika ya pili, kosa ni la risiva. Kikibaki kwenye spika ileile, kosa ni la spika au waya wake. Leo kimehama. Kisha nabadilishana nyaya za AUX (tundu la kuingizia sauti kutoka nje), halafu nafungua FM. Kushoto kimya kwa vyote, maana yake kosa liko baada ya swichi ya kuchagulia chanzo cha sauti.

Sasa sikiliza. Sekunde chache baada ya kuwasha, rilei, swichi ya umeme inayounganisha ampilifaya na spika, inagonga "tak". Mlio huo una habari nyingi kuliko vipimo vya saa nzima. Saketi ya ulinzi inachunga kama kuna DC (umeme wa upande mmoja, unaoweza kuunguza spika) kwenye matokeo, yaani pale sauti inapotokea kwenda spika, ya chaneli zote mbili. Transista ya pawa ikipiga shoti upande mmoja, rilei inakataa kufunga na pande zote zinakaa kimya. Rilei imefunga na upande mmoja unaimba? Basi ziache transista za pawa kwanza. Inauma kuona mtu amebadilisha zote nne, tena kwa za madukani ambazo nyingi ni bandia, na kimya kiko palepale. (Mashine za zamani zaidi, zisizo na rilei, zinazopitisha sauti kwenye kepasita kubwa kabla ya spika, zina hesabu nyingine. Huko transista inaweza kufa upande mmoja na mwingine ukaendelea.)

Napandisha volyumu mpaka karibu nusu: kushoto kunashtuka, kunarudi, nikishusha kunapotea tena. Hiyo ni tabia ya kontakti chafu. Utando mweusi juu ya kontakti unazuia umeme mdogo, ukizidiwa unapitisha.

Saa 3:30

Nachomoa umeme, nafungua kifuniko. Kepasita mbili kubwa nazimaliza chaji kwa rezista ya ohm 100, wati 5, nimeishika kwa koleo lenye mpira, kisha napima mpaka zishuke chini ya volti 1. Kuzipiga shoti kwa bisibisi ni kuziumiza.

Swichi za Tape Monitor, Mode, spika, na potenshia (vizungushio) za volyumu na balansi zinapata dawa ya kusafishia kontakti, kidogo tu ndani ya tundu, halafu kila moja naizungusha au kuibonyeza mara 20 hadi 30. WD-40 hapana: inaacha mafuta yanayokusanya vumbi. Na dawa isiguse kioo cha stesheni, maandishi yake yanafutika.

Kushoto bado.

Saa 5

Hapa chaneli inayofanya kazi ndiyo ramani ya iliyokufa. Simu inatoa toni ya hertz 200 kwenye AUX. Nachagua 200 kwa sababu mita nyingi za bei nafuu zinasoma AC vizuri mpaka hertz 400 tu. Kwenye matokeo nafunga rezista za ohm 8 zenye wati za kutosha badala ya spika. Usiruke hatua hii: bila mzigo, mita itasoma volti kamili hata kwenye kontakti mbovu.

Kabla ya rilei: kulia volti 2.0, kushoto 2.0. Baada ya rilei: kulia 2.0, kushoto 0.3. Ampilifaya ni nzima. Kwenye ohm 8, volti 0.3 ni kama miliampea 37, volti 1.7 zimebaki kwenye kontakti, yaani karibu ohm 45 mahali panapotakiwa pasifike hata ohm 0.1.

Saa 8 mchana

Unaweza kupitisha karatasi ngumu yenye spiriti katikati ya kontakti, na sauti itarudi kwa muda. Msasa usitumie, unakwangua fedha ya juu. Mimi naweka rilei mpya: volti za koili zilezile zilizoandikwa kwenye ganda, seti mbili za kontakti, ampea 5 au zaidi, na miguu ipangike sawa na ya zamani. Nanyonya risasi ya zamani yote kabla ya kuvuta, maana njia za shaba za bodi hizi zinabanduka upesi.

Nikiwa humo nakwangua gundi ya kahawia kwa kijiti cha mti. Ilikuwa ya rangi hafifu ilipotoka kiwandani. Ikizeeka inakula miguu ya vipuri na hata kupitisha umeme.

Saa 10 alasiri

Imepata moto dakika 15. DC kwenye matokeo: kushoto milivolti 14, kulia 22. Chini ya 50 naikubali. Zingekuwa zinarukaruka, ningezitilia shaka transista za 2SA726 za mlangoni mwa ampilifaya, ambazo Pioneer waliziweka kwenye mashine nyingi na zinajulikana kwa kukwaruza. KSA992 inakaa mahali pake kwa mpangilio uleule wa miguu. Bayasi, umeme mdogo unaopita kwenye transista za pawa hata bila sauti, naipima kwenye rezista za emita na kuilinganisha na kitabu cha ufundi cha mashine hiihii.

Saa 11

Inaimba kwa sauti ya chini kabisa, pande zote sawa. Mwenyewe anapofika namwonyesha jambo moja nyuma ya risiva: "Mzee, sokota nyuzi za waya wa spika vizuri kabla ya kuingiza. Uzi mmoja ukigusa tundu la jirani, hapo ndipo transista za pawa zinapoungua kweli."