Junagadh: msipige picha za mizinga mkaondoka, shukeni visimani

Jamani mkija India msiishie Taj Mahal tu. Mi nasoma Rajkot, jimbo la Gujarat, na mji wa Junagadh uko kama kilomita 100 toka hapa, unapanda basi asubuhi na jioni umesharudi, na bado nilikaa miaka miwili sijafika kwa sababu kila niliyemuuliza aliniambia huko ni mlima na mahekalu basi.

Mlima upo kweli, unaitwa Girnar, ngazi kama 10,000 mpaka juu kabisa, na mahekalu ya Wajain, wafuasi wa dini moja ya kale ya India, yako njiani, lile la Neminath ni la karne ya 12, mawe yamechongwa mpaka unaogopa kuyagusa. Tangu 2020 kuna kebo ya kupandia kwa wenye wazee. Ila kilichonishika mimi ni ngome ya Uparkot, mjini kabisa.

Ukiingia ngomeni utaona watu wamejazana kwenye mzinga mkubwa, Nilam, uliotengenezwa Misri 1531 ukaja na meli za Waturuki mpaka kisiwa cha Diu. Uangalie, mzuri, halafu endelea mbele mpaka kisima cha Adi Kadi. Hiki hakikujengwa, kimechongwa. Watu waliukata mwamba wenyewe toka juu kwenda chini, ngazi zaidi ya 100 zinashuka moja kwa moja katikati ya kuta mbili za jiwe, na kadiri unavyoshuka joto linabaki juu, kelele za watu zinafifia, unasikia njiwa tu na nyayo zako, mpaka unafika kwenye maji. Kingine kinaitwa Navghan, kina zaidi ya mita 50, ngazi zake zinalizunguka shimo kwa pembeni na kuna matundu ukutani ya kupitisha mwanga. Wagujarati wana msemo kwamba ambaye hajaviona visima hivi viwili yuko hai lakini kashakufa.

Nilikaa pale chini muda mrefu sana. Mi nimekulia Kisauni, najua kuamka saa kumi usiku na madumu kumsubiri mwenye mkokoteni, na najua sura ya mama siku maji yasipokuja. Kwa hiyo nilielewa haraka kwamba ngome si ukuta, ukuta wowote ule adui anaweza kukaa nje akasubiri mfe kiu, hawa walianza na maji.

Halafu ukitoka ngomeni kuelekea Girnar kuna jiwe moja kubwa lina maandishi ya mfalme Ashoka, ya karne ya 3 kabla ya Kristo, anawahimiza watu wake wasiue wanyama ovyo na waheshimu wazazi. Wengi wanasoma hapo wanaondoka. Jiwe hilohilo lina maneno ya mfalme mwingine, Rudradaman, ya mwaka 150 hivi baada ya Kristo, anaeleza kwamba dhoruba ilivunja bwawa la Sudarshana, maji yote yakaenda, washauri wake wakaona kazi haiwezekani, watu wakaanza kulia wamekata tamaa. Akalijenga upya, imara kuliko mwanzo, kwa hela ya hazina yake mwenyewe, bila kuwatoza wananchi kodi ya ziada wala kuwafanyisha kazi kwa nguvu.

Nililisoma bango la tafsiri mara mbili, nikalipiga picha, nikamtumia mama.