Mvua Ilitukuta Wadi Rum

Daftari langu la safari lilikuwa na kurasa mbili nzima za hesabu ya maji. Neno mvua halikuwamo hata mara moja.

Mimi na mwenzangu wa kupanda miamba tulipanga kwa miezi minne kwenda Wadi Rum, kusini mwa Yordani. Tulichagua Machi, maana kiangazi jua la huko hukaanga mwamba hata mkono ukashindwa kuushika. Maji tukakisia lita nne kwa mtu kwa siku. Kamba mbili za mita 60, kwa sababu mlima Jebel Rum, wenye zaidi ya mita 1,700, husumbua zaidi wakati wa kushuka: kileleni ni majabali ya mviringo yanayofanana, na ukikosa njia unajikuta ukingoni. Vyuma vya kuchomeka kwenye nyufa tulivitandaza sakafuni tukavipunguza mara tatu. Viwili nikavirudisha kwa siri.

Tulishukia Aqaba, tukaingia kijiji cha Rum jioni. Usiku turubai likaanza kulia. Mvua haikudumu hata saa moja, nami nikafurahi kwamba vumbi litatulia.

Asubuhi mwenyeji wetu, Mbedui wa makamo, alitupeleka hadi chini ya ukuta, akabonyeza ukingo wa jiwe kwa kidole gumba. Ukamomonyoka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai.

"Leo hapana," akasema.

Jiwe la pale ni mchanga ulioshikamana. Likilowa, ule mshikamano hulegea. Kishikio kilichokubeba jana hung'oka leo, na chuma ulichokiamini hutoka na kipande cha ufa. Kibaya zaidi, juu hukauka upesi huku ndani kungali na unyevu. Sisi tulikuwa na siku moja tu ya akiba. Miezi minne ya kupanga, na tulikuwa tumejiandaa kwa joto peke yake!

Basi tukazurura. Alituonyesha chemchemi mlimani: maji hupenya jiwe la mchanga mpaka yakutane na graniti iliyo chini, yakazuiwa, yakatokeza ubavuni na kuotesha majani mabichi katikati ya ukame. Akatuonyesha pia njia za wazee wao, waliopanda kuta zile wakiwinda mbuzi-mwitu. Penye hatua ndefu walipanga mawe yakawa ngazi. Nilitazama mzigo wangu wa vyuma nikanyamaza.

Siku ya tatu alibonyeza tena. Jiwe likakaa. Lakini kesho yake tulikuwa na ndege, na Jebel Rum hutaka siku nzima, kwa hiyo tukaenda Jebel Burdah, tukapanda hadi kwenye daraja lake la mawe. Palipo wima karibu na daraja tulifunga kamba moja. Ile ya pili haikufunguliwa safari nzima.

Madumu mawili ya maji yalibaki hayajaguswa. Mwenyeji wetu aliyamimina kwenye karai, ngamia wake wakayamaliza kabla hatujafunga mabegi.